Wajibu wa mwenye nyumba Mwanza: namna ya kutunza nyumba ya kupangisha

Waulize wenye nyumba wa Nyakato au Buhongwa sheria inawataka wafanye nini, wengi watakujibu kwamba sheria ya wapangaji ilishafutwa. Wamesikia nusu ya habari. Kilichofutwa mwaka 2005 ni Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, ile iliyokuwa inabana viwango vya kodi. Wajibu wa kutunza nyumba upo, umo ndani ya Sheria ya Ardhi ya 1999 (Sura ya 113), na unakubana hata kama mlielewana kwa mdomo mbele ya dalali na karatasi pekee ni risiti ya kodi.

Mimi kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu, hasa wale wanaoishi mbali na kuacha funguo Mwanza. Huu ndio utaratibu ninaoufuata. Si lazima uwe na wakili pembeni. Unahitaji daftari, simu ya kupigia picha na fundi unayemwamini.

Hatua ya 1: Jua umeshaahidi nini

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinaorodhesha ahadi zinazohesabika kuwa umezitoa pale tu unapopangisha. Kubwa kuliko zote: nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kuishi siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Ukipangisha sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa nyumba zetu za vyumba sita na korido katikati, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mfereji mkuu wa majitaka, korido na kila kinachotumiwa na wote ni mzigo wako. Hakuna cha kuwachangisha wapangaji fedha za bati.

Ipo ahadi nyingine ambayo watu wa milimani waisome mara mbili. Huruhusiwi kutumia kiwanja chako cha jirani kwa namna itakayofanya pale ulipopangisha pasifae. Mwanza hapa mtu ana nyumba mbili juu ya mwamba mmoja. Anapangisha ya chini, halafu anawaita vijana wapasue kokoto juu yake. Mawe yakilegea, hawezi kusema ni kudra.

Mpangaji naye ana yake, kifungu cha 89: kulipa kodi, kutunza alichokabidhiwa, kutengeneza alichoharibu, kutopangisha mtu mwingine bila ruhusa yako. Ila uchakavu wa kawaida si kosa lake. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu usimdai.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kumpa mtu funguo

Hapa usiwe na haraka, hata kama dalali amekaa nje anasubiri hela yake. Anzia juu.

Paa. Panda mwenyewe au mpandishe fundi. Angalia misumari iliyolegea, mbao za kenchi zilizoliwa na mchwa, na pale bati linapokutana na ukuta. Kagua kabla ya vuli, yaani mwezi wa tisa, kisha tena mwezi wa pili kabla ya masika. Mvua zikishaanza fundi bei yake inapanda na hapatikani. Doa la kahawia kwenye silingi bodi usilipake rangi juu, tafuta maji yanaingilia wapi.

Maji ya mvua. Kwenye miteremko ya Isamilo, Bugando au Igogo, maji yanayotoka juu ndiyo yanayobomoa nyumba. Simama nyuma ya nyumba na ufuate njia yake: yanapita kwenye mfereji au yanagonga msingi? Ukuta wa mawe unaozuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji. Usipofanya hivyo, udongo unalowa, unakuwa mzito, na ukuta unasukumwa nje kidogo kidogo mpaka siku unapolala. Ukiona ufa uliopanda wima na chini umepanuka kuliko juu, usipangishe chumba hicho mpaka fundi wa ujenzi aseme neno. Walio Mabatini, karibu na Mto Mirongo, waangalie zaidi alama za maji ukutani. Kama maji yaliwahi kufika magotini, yatarudi.

Choo. Hiki ndicho kinachowapeleka wenye nyumba wengi kwa afisa afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa uwezo wa kukagua na kukutaka uondoe kero. Fungua kifuniko cha karo uone limejaa kiasi gani. Likiwa karibu na juu, ita gari la kunyonya sasa. Pale gari lisipofika kwa sababu ya mawe na ngazi, uliza MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, kama mtaa wako umo kwenye mtandao wa majitaka, maana baadhi ya vilima vimeshawekewa mabomba madogo kwa ajili hiyo hiyo. Kutapisha choo mvua inaponyesha, uchafu ukateremka kwa majirani na hatimaye ziwani, ni kosa, na kipindupindu hakichagui nani mwenye hati.

Umeme. Kanda hii ya ziwa ina radi nyingi. Mwambie fundi apime ethi (njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini), asiishie kuiangalia kwa macho, kwa sababu juu ya mwamba fimbo ya ethi mara nyingi haiingii hata nusu yake na bado nyumba inawaka taa kama kawaida. Mtumie mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Bei yake ni kubwa kidogo kuliko ya kijana wa mtaani. Lipa.

Milango, vitasa, vioo, nyavu za mbu: pita haraka, andika, tengeneza.

Hatua ya 3: Makabidhiano kwa maandishi

Zungukeni pamoja chumba kwa chumba. Andika hali ya kila kitu, piga picha, soma namba za LUKU (mita ya umeme) na mita ya maji, wote msaini. Mpe nakala. Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya 4: Weka njia moja ya kutoa taarifa

Mpangaji akikupigia usiku kusema paa linavuja, ukamjibu "sawa mama, nitaangalia", hapo hakuna kumbukumbu yoyote. Mwombe atume ujumbe wa maandishi wenye picha. Wewe andika kwenye daftari tarehe, tatizo, fundi aliyekwenda na gharama.

Sheria haisemi utengeneze ndani ya saa wala siku ngapi. Ratiba yangu ni hii: umeme unaopiga shoti na choo kilichoziba, siku hiyo hiyo; paa, ndani ya wiki, na wakati wa mvua litandikwe turubai kwanza; mengine, kabla mwezi haujaisha. Usipoweza, mwambie kwa nini. Wapangaji wa Mwanza ni wavumilivu kwa mtu anayejibu simu.

Mkikubaliana mpangaji aite fundi mwenyewe kisha mkatane kwenye kodi, andikeni kiasi kabla kazi haijaanza. Kesi nyingi za "nilitumia laki mbili" huzaliwa hapa.

Kuhusu kuingia ndani: una haki ya kukagua na kutengeneza, lakini kwa saa za kawaida na baada ya kumwarifu. Funguo ya akiba si kibali.

Hatua ya 5: Nyumba ikiharibika, shughulikia kodi

Wengi hawalijui hili. Moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine ikiharibu nyumba bila uzembe wa mpangaji, kodi inasimama, yote au sehemu yake kulingana na uharibifu, mpaka nyumba ifae tena. Ikipita miezi sita hujatengeneza, mpangaji anaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja.

Tuseme nyumba ina vyumba vitatu na kodi ni shilingi 240,000 kwa mwezi. Jiwe limeteremka, limebomoa chumba kimoja. Usikimbilie kugawa kwa tatu ukapunguza 80,000. Kama jiko na choo vimo upande uliobomoka, kinachobaki si theluthi mbili ya nyumba. Kaeni, elewaneni, andikeni. Na kwa kuwa huku tunapokea kodi ya miezi sita mbele, fedha ya miezi isiyokalika irudishwe au isogezwe mbele. Uliyokwisha kuitumia kwenye ada za watoto ni juu yako kuitafuta.

Hatua ya 6: Kodi ya jengo

Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini kodi za mali ni za mwenye nyumba isipokuwa mkataba useme vingine. Mpunguzie kiasi hicho kwenye kodi ya pango.

Hatua ya 7: Mkishindwana

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Mengi huishia hapo. Baada yake ni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Peleka daftari la matengenezo, karatasi ya makabidhiano, picha zenye tarehe na risiti za mafundi.

Wakati shauri linaendelea usiguse kitu. Kung'oa bati, kukata umeme au kubadili kufuli ili mpangaji aondoke mwenyewe kunavunja ahadi ya kwanza kabisa ya kifungu cha 88, kwamba anayelipa kodi akae kwa utulivu. Hata akiwa anadaiwa, aondolewe kwa amri ya baraza.