Kugeuza picha kuwa mchoro wa penseli bila kumfanya bibi awe Mzungu

Korosho zikianza kulipa, kuanzia Oktoba hivi mpaka kuvuka mwaka mpya, studio yangu hapa Mtwara inabadilika. Wa pasipoti wanapungua, wanakuja wa picha za ukutani. Wengi wanataka "ile ya penseli", waliyoiona kwa jirani. Msimu mmoja alikuja dada na picha ya bibi yake wa Newala: bibi wa watu, kanga begani, chale za Kimakonde mashavuni. Nikafungua somo la YouTube, nikalifuata hatua kwa hatua, na kabla chai haijapoa kazi ikawa imekwisha. Dada akaitazama, akaniuliza kwa upole, "Kaka, huyu mzee ni nani?"

Alisema kweli. Bibi alikuwa mweupe kuliko kanzu ya Idi, na chale zimefutika zote.

Somo halikuwa na kosa, ila aliyelitengeneza alitumia uso mweupe, na uso mweupe ukigeuka rangi ya karatasi hakuna anayeshtuka. Njia ninayoitumia sasa ni ileile, nimeongeza mambo mawili tu: kupima chale kabla ya kutia ukungu, na leya (tabaka la picha juu ya picha) ya tatu ya kurudisha ngozi. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inakubali hata kompyuta yangu ya zamani. Menyu zake nitaziandika kama zinavyosomeka kwenye kioo. Mwenye Photoshop atafuata bila shida, huko "Dodge", tutakayoikuta hatua ya 4, inaitwa Color Dodge.

Hatua ya 1: Pata picha yenyewe

Usikubali picha iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Mwambie mteja aitume kama dokumenti, au aje na simu uichukue kwa waya. Si ubishi. Faili ya JPEG hugawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana mipaka ya vijisanduku hivyo hubaki mle. Kwenye simu huioni. Ukitia efekti ya penseli, ambayo kazi yake ni kutafuta mistari, unapata shavu lenye vigae kama sakafu ya benki.

Kama iliyopo ni picha ya karatasi tu, itoe kwenye fremu, iweke karibu na mlango asubuhi, zima flashi, simama juu yake uipige wima.

Hatua ya 2: Saizi kwanza

Kata na pima sasa hivi, si mwisho, maana ukungu tutakaoutia unahesabiwa kwa pikseli. Ukipunguza picha baadaye, vipimo vyote vinaharibika. A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya simu ya megapikseli 12, yaani 4000 kwa 3000, inatosha hata ukikata pembeni. Hifadhi faili kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, papo hapo, halafu bonyeza Ctrl na S kila baada ya hatua. Umeme haukupigii hodi.

Hatua ya 3: Leya tatu

Nenda "Colors", "Desaturate", kisha "Desaturate" tena, chagua "Luminance". Picha inakuwa ya kijivu. Bonyeza Shift, Ctrl na D mara mbili upate nakala mbili. Sasa una leya tatu: ya chini iite Msingi, ya kati Mchoro, ya juu Ngozi. Funga jicho la Ngozi, tutaihitaji baadaye.

Hatua ya 4: Geuza ya kati

Chagua Mchoro, nenda "Colors" kisha "Invert". Hapo pana "Linear Invert" na "Value Invert" pia, ziache. Bibi anakuwa kama negativu za zamani. Kisha, kwenye sanduku la leya, badilisha "Mode" iwe "Dodge".

Kioo kizima kinakuwa cheupe. Wanafunzi wangu wengi hapa hubonyeza Ctrl na Z wakidhani wameharibu. Hujaharibu. Tulia hapa kidogo, kwa sababu ukiuelewa huu weupe umeielewa kazi yote.

Kompyuta huhesabu kijivu kuanzia 0, nyeusi tii, hadi 255, nyeupe pe. Tuseme shavu la bibi ni 60. Kwenye leya iliyogeuzwa linakuwa 195. Dodge inachukua namba ya chini, 60, na kuigawa kwa kilichopungua juu hadi kufika 255, ambacho nacho ni 60. Sitini kwa sitini ni moja kamili, na moja kamili kwake ni nyeupe. Ukuta wa chokaa nyuma yake ni 220: nao unagawanywa kwa 220, nao unatoka mweupe. Kwa Dodge, shavu jeusi na ukuta wa chokaa ni mamoja. Haioni weusi. Inaona tofauti ya kitu na jirani yake tu, na kwa sasa hakuna tofauti.

Hatua ya 5: Ukungu, na hapa usikimbie

Ukiwa bado kwenye Mchoro, fungua "Filters", "Blur", "Gaussian Blur". Ukungu huu unaifanya kila pikseli ya leya hiyo iwe wastani wa majirani zake. Mstari wa chale wenye 40 ukiwa katikati ya shavu la 60, wastani wa pale, kwa namba za kabla ya kugeuza, utakuwa kama 58. Arobaini ukigawa kwa hamsini na nane ni pungufu ya moja, na ukizidisha kwa 255 inatoka kijivu cha 176 hivi. Mstari umezaliwa.

Sasa, uweke ukungu kiasi gani? Lile somo la YouTube lilisema 3, nami nikaweka 3. Kosa lilikuwa hapo. Kuza picha hadi asilimia 100, chukua kifaa cha kupimia kwa Shift na M, uvute kutoka ukingo mmoja wa chale hadi wa pili. Za bibi yule zilikuwa na upana wa pikseli 12. Kwa ukungu wa 3, katikati ya chale inalinganishwa na chale yenyewe, haioni shavu, inafifia na kubaki michirizi miwili dhaifu ya kingo. Kwa 20, ukungu unafika hadi kwenye ngozi ya pembeni, na chale inasimama nzima. Kanuni yangu: namba ya "Size X" na "Size Y" iwe kubwa kuliko upana wa kile ambacho mwenye picha hatakubali kipotee. Kwa bibi ni chale. Kwa bwana harusi inaweza kuwa ndevu, kwa mtoto kope.

Ukizidisha, tuseme 60 na kuendelea, kinachotoka kinafanana zaidi na fotokopi mbovu kuliko penseli. Vuta namba taratibu huku ukitazama. Wenye GIMP 3.0, iliyotoka mwaka 2025, mna raha: ukiiacha bila kuiunganisha na leya, unaweza kurudi kwenye alama ya fx pembeni ya leya ukabadilisha namba hata kesho. Sisi wa 2.10 tunarudi nyuma kwa Ctrl na Z.

Jambo moja la kuangalia: Dodge huchora giza peke yake. Kitu chenye mwanga kuliko jirani yake, kama mvi juu ya paji la uso au kipini kinachong'aa, kinazama kwenye weupe. Hatua inayofuata inavirudisha.

Hatua ya 6: Rudisha ngozi

Fungua jicho la Ngozi, weka "Mode" iwe "Multiply", kisha teremsha "Opacity". Mimi huanzia 30. Bibi anarudi na weusi wake, kama aliyechorwa kwa penseli kisha akasuguliwa kwa kidole kama wanavyofanya wachoraji wenyewe. Chini ya 20 anaanza tena kupauka. Zaidi ya 45 mistari inamezwa, unarudi kwenye picha ya kijivu tuliyoanza nayo.

Shida ni kwamba ukuta wa nyuma nao unapata kijivu. Bonyeza kulia kwenye Ngozi, "Add Layer Mask", chagua nyeupe. Chukua brashi kubwa laini yenye rangi nyeusi, upake kwenye maski sehemu za nyuma tu. Kijivu kinafutika, karatasi inabaki. Kwenye ukingo wa kanga punguza brashi na acha ipitilize kidogo, ukingo uliokatwa kama kwa wembe unasaliti kompyuta.

Hatua ya 7: Kumalizia

"Layer", "New from Visible", kisha "Colors", "Levels". Sogeza pembetatu nyeusi kulia kidogo mpaka mistari ikolee. Ukitaka chembechembe za karatasi, piga picha ya manila, iweke juu kwa "Multiply". Mimi siku hizi siweki, printa yenyewe inatosha.

Toa JPEG kwa Shift, Ctrl na E, ubora 95. Chapa kwanza kipande cha jicho na shavu kwenye karatasi ndogo, wino ni ghali. Halafu tumia karatasi isiyong'aa. Penseli inayong'aa haijawahi kuonekana.

Kabla hujaniuliza: ile efekti ya rangi za mafuta, "Oilify" kwenye "Filters", "Artistic", naipenda kwa milango ya nakshi na kuta za matumbawe za Mikindani, au ngalawa jioni. Usoni siiweki. Inameza macho.

Yule dada nilimrudishia kazi wiki iliyofuata, bila kuongeza bei. Hakusema kitu mwanzoni. Aliweka kidole kwenye shavu la bibi, akahesabu chale moja moja kutoka sikioni kuja mdomoni, kisha akageuza upande wa pili akahesabu tena. "Zipo," akasema. Akataka nakala nyingine mbili, moja ya kupeleka Newala, akaomba ile ya Newala niitie fremu ya mbao, kioo nisiweke, maana bibi mwenyewe atataka kuishika.