Kufunga moduli ya mishahara ndani ya repo ya Subversion

Timu yetu ina watu saba, na programu ya SACCOS tunayoiandika iko kwenye repo moja (hifadhi ya msimbo pamoja na historia yake) ya Subversion. Moduli ni tatu: akiba, mikopo na mishahara. Ya mishahara ndiyo hunikosesha usingizi, maana faili zake za majaribio zimetokana na mishahara ya watu halisi. Git, mfumo mwingine wa kutunza msimbo, haiwezi kumficha mtu folda moja ndani ya repo ambayo tayari anaruhusiwa kuisoma. Subversion inaweza, na ndiyo sababu hatujahama.

Fungua conf/svnserve.conf, faili ya mipangilio ya seva, uandike:

anon-access = none
password-db = passwd
authz-db = authz

Faili ya passwd hutunza nywila zikiwa zinasomeka, kwa hiyo ifunge kwa chmod 600, ili mwenye faili pekee aisome. Kisha faili ya authz, inayosema nani anaruhusiwa wapi (rw ni kusoma na kuandika):

[groups]
waandishi = neema, baraka, juma, asha
uhasibu = neema, baraka

[/]
@waandishi = rw

[/trunk/mishahara]
@uhasibu = rw
* =

Usiache mstari ule wa mwisho, wenye nyota na usio na kitu kuliani. Folda hurithi ruhusa za folda iliyo juu yake. Bila mstari huo, Juma ataendelea kuisoma mishahara kwa rw aliyopewa kwenye mzizi.

Mimi nilidhani nimemaliza. Tulipotoa toleo jipya nikanakili trunk (folda ya msimbo mkuu) kwenda tags/2.0, na nakala ya mishahara ikakaa huko wazi kwa wote, kwa sababu sheria hufuata njia ya folda, haifuati kilichomo. Kijana wa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyekuja kuniuliza, "Dada, na hii naruhusiwa kuiona?" Namshukuru mpaka leo.

Kuifuta tags/2.0 hakusaidii, marejeo ya zamani (hali za repo zilizohifadhiwa kwenye historia) bado yanasomeka. Ukiwa na Subversion 1.10 (ya 2018) au mpya zaidi, weka hii mwishoni mwa authz, ishike kila folda iitwayo mishahara popote ilipo:

[:glob:/**/mishahara]
@uhasibu = rw
* =

Kisha pima, usiamini macho:

svnauthz accessof --username juma --path /tags/2.0/mishahara conf/authz

Jibu liwe "no". Rudia kwa faili iliyo ndani ya folda hiyo, na kwa kila jina lisilo la uhasibu. Seva haihitaji kuwashwa upya. Ila nakala zilizokwisha kushushwa kwenye kompyuta za watu haziguswi na sheria yoyote. Mimi nilipita meza moja baada ya nyingine, tukazifuta pamoja.