Kuhamisha na Kupanga Faili kwa Kutumia Vichupo

Anayepanga faili zake hulazimika kushughulika na folda mbili au tatu kwa wakati mmoja: ile ambamo faili zimerundikana, ile ambamo zinapaswa kukaa, na pengine nyingine iliyo kwenye flashi. Vichupo (tabs), yaani kurasa zinazobadilishwa kwa kubofya vichwa vyake juu ya dirisha kama katika kivinjari, huziweka zote ndani ya dirisha moja. Programu ya faili ya GNOME, mazingira ya skrini yanayotumiwa na watu wengi wa Linux, ilipata vichupo mwaka 2008. Finder, programu ya faili ya Mac, ikavipata mwaka 2013, na Windows 11 Oktoba 2022. Programu ya faili ya Windows 10 haina vichupo.

Hatua ya 1: Fungua vichupo. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E ili programu ya faili ifunguke, kisha ubonyeze Ctrl + T. Katika Linux tumia Ctrl + T vilevile, na katika Mac Command + T. Kwa kuwa kichupo kipya mara nyingi hakianzii kwenye folda unayoihitaji, mimi hupendelea kuielekea folda yenyewe na kuibofya kwa gurudumu la kipanya, nayo hufunguka moja kwa moja katika kichupo chake. Mtumiaji wa Mac hushikilia Command huku akiibofya folda mara mbili.

Hatua ya 2: Pita kutoka kichupo kimoja hadi kingine. Ctrl + Tab hukupeleka kwenye kichupo kinachofuata, na ukiongeza Shift unarudi nyuma. Katika GNOME tumia Ctrl + Page Down na Ctrl + Page Up.

Hatua ya 3: Soma njia ya folda, yaani mfuatano wa folda unaoonyesha imo wapi, kabla ya kuhamisha chochote. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naisisitiza kwa sababu imewahi kunigharimu. Kichupo huonyesha jina la folda ya mwisho tu, bila kueleza imo ndani ya folda gani, kwa hiyo folda ya "Machi" iliyo ndani ya "Risiti" na "Machi" iliyo ndani ya "Picha" huonekana sawa kabisa pale juu. Niliwahi kuhamishia risiti za mwezi mzima kwenye folda ya picha, na sikugundua mpaka zilipohitajika. Tangu hapo husoma upau wa anwani, ule mstari wa juu unaoonyesha njia hiyo, kila ninapofika kwenye kichupo cha kupokelea. Katika Finder, bonyeza Option + Command + P ili njia kamili ionekane chini ya dirisha. Ukigundua kosa papo hapo, Ctrl + Z, au Command + Z katika Mac, huzirudisha faili zilikotoka.

Hatua ya 4: Hamisha faili. Chagua faili, bonyeza Ctrl + X, nenda kwenye kichupo cha pili, kisha ubonyeze Ctrl + V. Katika Mac, nakili kwa Command + C, halafu ubandike kwa Option + Command + V, ambayo huhamisha badala ya kuacha nakala. Unaweza pia kuziburuta faili hadi juu ya kichupo, ukasubiri bila kuachia kipanya mpaka folda ijitokeze, ndipo uziachie ndani yake. Kuburuta kuna kanuni ambayo wengi hawaijui: folda zote mbili zikiwa kwenye diski moja, faili huhama, zikiwa kwenye diski tofauti, faili hunakiliwa na zile za awali hubaki zilipo. Ndiyo maana mtu huburuta picha kutoka kwenye flashi akidhani amezihamisha, kumbe flashi bado imejaa. Katika Windows, ukishikilia Shift unapoburuta unalazimisha kuhamisha, na ukishikilia Ctrl unalazimisha kunakili.

Hatua ya 5: Funga usivyovihitaji. Ctrl + W, au Command + W katika Mac, hufunga kichupo kilicho mbele yako bila kugusa faili zilizomo. Mimi sivuki vichupo vinne katika dirisha moja, kwani vikizidi majina hufupishwa na lile kosa la hatua ya 3 huwa jepesi kutokea.

Kichupo huonyesha folda moja tu kwa wakati, hivyo unapotaka kulinganisha yaliyomo katika folda mbili, fungua madirisha mawili na uyapange ubavu kwa ubavu. Katika Windows, kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia hufanya hivyo. Dolphin, programu ya faili ya KDE (mazingira mengine ya skrini ya Linux), hurahisisha zaidi: ukibonyeza F3, kichupo chenyewe hugawanyika mara mbili.