Kuotesha marigodi ndefu nyumbani kuanzia mbegu, zisimame na zitoe maua

Malalamiko ninayoyasikia kuhusu marigodi ndefu karibu yote ni yale yale, imeota vizuri, imerefuka, majani mengi ya kijani kibichi, ila maua hakuna au yametoka mawili matatu halafu mvua moja tu mmea wote chali. Mara nyingi hapo hakuna ugonjwa, imedekezwa tu. Hili ua kwao ni Mexico, kule wanapambia makaburi siku za kuwakumbuka wafu mwanzoni mwa mwezi wa 11, na linataka jua kali na udongo wa kawaida basi. Hata ile bangi mwitu inayonuka mashambani ni ndugu yake kabisa, na ile nani aliwahi kuimwagia mbolea?

Tuanze na mbegu maana hapo ndo watu wanapigwa. Paketi inaweza kuwa na picha ya ua kubwa balaa lakini urefu wa mmea hawajaandika. Aina zinazoitwa Inca na Antigua zina maua makubwa kweli ila mmea ni mfupi, futi moja na kidogo, wa kuweka kwenye vyungu. Ukitaka ndefu tafuta Crackerjack, hiyo inafika sentimita 90 hivi. Ukifungua paketi angalia mbegu zenyewe, ziwe zimenyooka na nyembamba kama sindano, nusu nyeusi na nusu ina vijinywele vya rangi ya nyasi kavu. Ukikuta zimejikunja, za kahawia, zina vimiba miba mgongoni, hiyo ni kalendula, ua zuri tu ila sio hili tunaloongelea.

Muda wa kusia, kwa sisi wa Dar na pwani mi napendelea baada ya masika, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, joto limepungua na mvua hazitwangi miche. Kutoka mbegu mpaka ua la kwanza weka miezi miwili na nusu mpaka mitatu, kwa hiyo kama unataka maua ya Diwali (ile inaangukia kati ya katikati ya mwezi wa 10 na katikati ya wa 11, na Wahindu wanatungia mashada maua haya haya) angalia tarehe ya mwaka huo uhesabu miezi mitatu kurudi nyuma. Uzuri mwingine ni kwamba marigodi ndefu huwahi kuchanua mchana ukiwa mfupi, wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi wanasubiri sana, sisi huku karibu na ikweta mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima.

Kusia kwenyewe ni rahisi. Trei, au hata vikopo vya yogati umetoboa chini, udongo sehemu mbili, mchanga moja, mboji iliyoiva moja, chekecha mabonge yatoke. Laza mbegu, funika na udongo kama nusu sentimita, mwagilia polepole kwa chupa ya maji uliyotoboa kifuniko. Kwa joto la pwani siku 4 mpaka 7 unaona vichwa, sehemu za baridi kama Njombe zinachelewa kidogo, trei ikae ndani usiku. Zikichomoza tu zitoe kivulini uziweke juani siku hiyo hiyo, ukizichelewesha zinarefuka kama zinatafuta kitu na shina linakuwa jembamba.

Adui wa hatua hii ni ugonjwa wa kinyausi. Jioni mche umesimama, asubuhi umelala chini na majani bado mabichi, ukiangalia karibu unakuta shina pale linapotoka kwenye udongo limesinyaa na limelowa. Huo hauponi, utoe pamoja na udongo wake uutupe mbali. Kuzuia ni kumwagilia asubuhi tu, kupunguza miche iliyobanana, na kuacha upepo upite.

Miche ikiwa na majani halisi manne mpaka sita, wiki ya tatu au ya nne hivi, hamishia bustanini jioni. Nafasi sentimita 40 au 45, usione huruma kwamba panabaki wazi. Kila shimo konzi mbili za samadi iliyoiva na mbolea iishie hapo. Urea sahau kabisa, ndo inayoleta lile lichaka la majani. Fukia shina mpaka karibu na majani ya chini kwa sababu lile shina linatoa mizizi na mmea unashika ardhi vizuri. Siku hiyo hiyo chomeka fito pembeni, sio baadaye, baadaye utatoboa mizizi. Kamba funga kwa mtindo wa namba nane, iwe legevu.

Mmea ukifika sentimita 20 hivi kata ncha ya juu kwa kucha, juu ya jozi ya tatu au ya nne ya majani. Inauma lakini kata. Maua yatachelewa kidogo ila matawi ya pembeni yatatoka na mmea utakuwa imara. Kama shida yako ni ua moja kubwa la kuringishia majirani, basi usikate ncha, toa vitumba vya pembeni ubakize cha juu.

Maji mwagilia chini kwenye shina, haya maua yana petali zimebanana mno, yakijaa maji yanakuwa mazito, yanavunja shina na kuoza katikati. Majani yakianza vidoadoa vyeupe geuza uangalie chini, kama kuna utando mwembamba huo ni utitiri, piga maji ya sabuni upande wa chini. Konokono unawaokota usiku na tochi, hakuna ujanja.

Kuna wanaopanda mche mmoja kando ya nyanya wakitegemea utamaliza minyoo fundo, vile viminyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi. Hautamaliza. Mizizi yake inasaidia kweli lakini inabidi ujaze tuta zima marigodi kwa miezi miwili au zaidi, ndo upande nyanya hapo hapo.

Ua likianza kunyauka likate, la sivyo mmea unahamia kwenye kutengeneza mbegu na maua yanapungua. Mwishoni acha machache kwenye mmea uliokufurahisha zaidi, yakauke mpaka kikonyo kiwe kahawia, vuta zile mbegu, anika kivulini, weka kwenye bahasha ya karatasi. Za Crackerjack zinaota vizuri tu, za F1, yaani mbegu chotara, usijisumbue kama unataka zifanane na mama.