Tarehe 20 isikukute bado unatafuta risiti

Ninafanya hesabu za maduka sita ya Kariakoo, na kwa miaka kadhaa orodha yangu ya kazi ilikuwa WhatsApp. Huyu anatuma picha ya risiti saa nne usiku, yule anaomba ankara, mwingine ananisalimia tu. Mwezi mmoja risiti za duka la vitambaa zilizama chini ya salamu za Idi, nikawasilisha ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, siku mbili baada ya tarehe 20, siku ya mwisho. Faini ikamwangukia mteja aliyeniamini. Iliniuma sana, ndipo nikabadili utaratibu.

Kwanza, toa kazi WhatsApp. Ujumbe ukiwa na kazi ndani yake, iandike papo hapo kwenye Google Keep, programu ya simu ya kuandikia kumbukumbu, katika orodha moja tu. Niliwahi kuwa na orodha ya kila mteja. Nyingine zilimaliza wiki sijazifungua.

Andika kitendo, si jina. "Duka la vitambaa" haikwambii ushike nini. "Kuchukua risiti za EFD za Machi, duka la vitambaa" (EFD ndiyo mashine ya risiti za kodi) unaisoma ukiwa kwenye daladala na unajua ushukie wapi.

Tarehe zisizobadilika ziingize kwenye kalenda ya simu, zijirudie kila mwezi: PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, VAT tarehe 20. Lakini kengele isilie siku yenyewe! Yangu ya VAT inalia tarehe 12, kwa sababu kujaza ritani si kazi ngumu. Kazi ni kukusanya karatasi kwa watu wenye shughuli zao. Siku hizo nane ndizo zinazoniokoa umeme ukikatika au mtandao ukielemewa.

Risiti ipige picha siku unayoipokea, maana maandishi ya EFD hufifia. Faili lipe jina linaloanza na mwaka, kama 2025-03-vitambaa, nayo mafaili yatajipanga yenyewe.

Asubuhi nafungua Keep kabla ya WhatsApp, navuta kazi tatu za leo juu. Kazi niliyoiahirisha mara tatu siiahirishi tena, nampigia mhusika simu. Wiki iliyopita nilimpigia mama wa duka la vipodozi kuhusu ankara niliyoisubiri siku nne. Kumbe alishampa kijana wake aniletee, ikabaki kwenye begi.