Kuchora mti wa ukoo wa virusi vya mahindi kwa laptopu: mwongozo kwa mwanafunzi anayeanza utafiti

Kila mwaka napokea wanafunzi wanaotaka kufanya mradi wa biolojia ya kompyuta hapa Mbeya, na karibu wote hufungua kwa swali lilelile: "Mwalimu, nianze na programu gani?" Swali hilo huwa naliweka kando kwanza. Programu zenyewe hazisumbui. Amri mbili na mti wa ukoo, yaani mchoro wa undugu wa virusi, umetoka. Kinachomwangusha mwanafunzi ni data aliyoiingiza bila kuitazama kwa macho yake. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye hatua ambazo wengi huziruka.

Mfano wetu ni MCMV (Maize chlorotic mottle virus), virusi vya mahindi. Nimevichagua kwa sababu kuanzia Mbozi hadi Njombe mahindi ndiyo chakula na ndiyo ada ya shule. MCMV vikikutana katika mmea mmoja na virusi vingine, mara nyingi SCMV (Sugarcane mosaic virus), huleta ugonjwa wa MLN (maize lethal necrosis): majani hukauka kuanzia kingoni, na gunzi hutoka na punje chache au bila punje kabisa. Ugonjwa huu ulionekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukaripotiwa Tanzania.

Hatua ya 1: Andika swali

Liandike kwenye daftari, sentensi moja. Kwa mfano: mifuatano ya MCMV (herufi za jenomu zilizosomwa katika kila sampuli) ya Afrika Mashariki inakaa tawi moja, na jirani yake wa karibu ametoka nchi gani? Watafiti walishachapisha kwamba virusi vya Kenya vilifanana zaidi na vya China. Kwa anayeanza hiyo ni heri, maana ukipata jibu la kinyume kabisa utajua ni lazima urudi ukague kazi yako.

Hatua ya 2: Pakua mifuatano

Ingia GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano, kupitia tovuti ya NCBI, tafuta "Maize chlorotic mottle virus". Bando lisikutie hofu: jenomu nzima ya MCMV, yaani maelekezo yake yote ya kurithi, ni takribani herufi 4,400, hivyo jenomu mia moja hazifikii hata megabaiti moja. Virusi hivi ni vya RNA, lakini GenBank huandika T mahali pa U. Usishtuke.

Amua mapema kama unatumia jenomu nzima au jeni moja tu, kama ile ya protini ya ganda yenye herufi zipatazo 700. Usichanganye.

Kisha fungua jedwali. Kwa kila mfuatano andika namba ya usajili pamoja na nukta na tarakimu ya toleo, nchi, mmea uliotoa sampuli, na tarehe sampuli ilipochukuliwa shambani. Tarehe iliyo juu kabisa ya rekodi siyo hiyo. Ile inahusu rekodi yenyewe, na huweza kupishana na ya shambani kwa miaka. Vivyo hivyo nchi: anuani ya watafiti haikuambii mmea uliota wapi. Rekodi isipotaja, acha kisanduku wazi. Kisanduku kitupu ni taarifa ya kweli; ulichokisia kitakusumbua mbele ya msimamizi wako.

Hatua ya 3: Badilisha majina

Programu nyingi hukata jina la mfuatano kwenye nafasi tupu ya kwanza, na alama kama nukta pacha, mkato na mabano huvuruga faili la mti. Tumia namba ya usajili, nchi na mwaka, ukiunganisha kwa mstari wa chini. Halafu hesabu mifuatano iliyomo kwenye faili lako, hapa tunaliita mahindi.fasta; kila mfuatano huanza na alama ya >:

`grep -c ">" mahindi.fasta`

Idadi ilingane na safu za jedwali lako. Isipolingana, usisonge mbele.

Hatua ya 4: Panga mifuatano sambamba

MAFFT ni programu inayopanga mifuatano ili herufi zinazolingana zikae safu moja:

`mafft --auto --adjustdirection mahindi.fasta > mpangilio.fasta`

Hatua ya 5: Tazama mpangilio

Hapa tukae. Fungua faili kwa AliView, programu nyepesi hata kwa laptopu ya zamani, na ushuke mstari kwa mstari.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea mti ambao sampuli moja ilikuwa na tawi refu mno, imejitenga na wenzake wote. Alikuwa ameshaandika kurasa mbili kuhusu aina mpya ya virusi, nami nilizisoma nikafurahi naye. Jioni tulipofungua mpangilio tukaona mstari ule haulingani na mwingine wowote, tangu mwanzo hadi mwisho. Sampuli ilisomwa kwa praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji) ya nyuma, na mfuatano ukahifadhiwa kwa uzi wa upande wa pili. Tulipougeuza, tawi likarudi kwa ndugu zake. Kurasa mbili tukazifuta. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kumwambia autazame mpangilio kabla ya kuandika neno lolote. Ile `--adjustdirection` iliyo hapo juu ipo kwa sababu hiyo. Ikigeuza mfuatano, MAFFT hutanguliza `_R_` kwenye jina lake.

Angalia pia mapengo. Ndani ya jeni la protini, herufi husomwa tatu tatu, kwa hiyo pengo la kweli kwa kawaida huwa la herufi tatu, sita au tisa. Pengo la herufi moja katikati ya jeni mara nyingi ni kosa la usomaji. Mstari wenye N nyingi (herufi zisizojulikana), uondoe, na sababu uiandike kwenye daftari siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Jenga mti

Tunatumia programu ya IQ-TREE:

`iqtree2 -s mpangilio.fasta -m MFP -B 1000 -T 2`

`-m MFP` huiachia programu ichague modeli ya mabadiliko, yaani kanuni za jinsi herufi hubadilika, na `-T 2` hutumia viini viwili vya kompyuta. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile. IQ-TREE huhifadhi ilipofikia na kuendelea.

`-B 1000` ni butistrapu ya haraka, kipimo cha jinsi kila tawi linavyoaminika. Wazo la kutumia butistrapu kwenye miti ya ukoo lilitolewa na Joseph Felsenstein mwaka 1985: chukua safu za mpangilio kwa bahati nasibu, jenga mti upya mara nyingi, hesabu kila tawi limerudi mara ngapi. Kwa njia hii ya haraka, tawi la kuaminika lina 95 au zaidi kati ya 100. Kile kipimo cha 70 unachokikuta kwenye makala nyingi ni cha butistrapu ya kawaida, usikihamishie hapa.

Hatua ya 7: Usome

Fungua faili linaloishia na `.treefile` katika FigTree, programu ya kutazama miti. Mti huo hauna mzizi, hata kama mchoro unaonekana kuwa nao. MCMV haina ndugu wa karibu wa kutumia kama kundi la nje (jamaa wa kuonyesha mzizi uko wapi), kwa hiyo weka mzizi katikati ya umbali mrefu zaidi kati ya ncha mbili, na uliseme hilo kwenye ripoti.

Mifuatano ya Afrika Mashariki inafanana sana, hivyo ndani ya tawi lao namba za butistrapu zitakuwa ndogo. Usijaribu kueleza nani alimwambukiza nani humo. Andika kwamba data haitoshi kuwatenganisha.

Mwisho, weka kwenye folda moja faili la mwanzo ambalo hukuligusa, jedwali, mpangilio, mti, na faili la maandishi lenye kila amri pamoja na toleo la kila programu. Mpe mwenzako wa dawati la jirani arudie kazi yote bila kukuuliza chochote. Akikwama, andika alipokwamia, rekebisha, kisha umpe mwingine.