Kishikwambi cha Linux chenye kibodi ya kuchomoka: kukiandaa na kukitunza kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Kishikwambi chenye kibodi ya kuchomoka kina hali mbili: kibodi ikiwepo na isipokuwepo. Wengi hukiandaa kwa hali ya kwanza tu. Siku kibodi imesahaulika Tukuyu na kishikwambi kiko Mbeya mjini, kinawaka vizuri, kinadai nywila, na hakuna pa kuiandikia. Karibu kila uamuzi ulioelezwa hapa chini unaanzia kwenye jambo hilo.

Tunazungumzia vishikwambi vyenye kichakataji cha Intel vilivyotoka kiwandani na Windows. Mfano wetu ni Surface Go ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018. Iko ya RAM 4 GB na hifadhi ya 64 GB, na iko ya 8 GB kwa 128 GB. Ukiweza, chukua ya 8 GB, kwa sababu RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Vishikwambi vya Android, vikiwemo vile vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, havihusiki hapa. Vile ni mali ya serikali, na hata hivyo flashi ya kompyuta ya Ubuntu, yaani toleo la Linux tutakalosakinisha, haiwaki humo. Ukipata PineTab2, inakuja na Linux tayari. Kazi yako ya kwanza ni kubadilisha nywila ya kiwandani kwa amri ya `passwd`, maana kila aliyesoma maelezo ya kifaa hicho anaijua.

Kutengeneza flashi

Flashi inatengenezwa kabla hata ya kununua, kwa kuwa ndiyo utakayopimia dukani. Faili la Ubuntu 24.04 LTS lina takriban GB 6, kwa hiyo flashi ya 8 GB inatosha kwa shida na ya 16 GB inatosha vizuri. Tumechagua toleo hilo kwa sababu linapata masasisho ya usalama hadi 2029 na kibodi yake ya kwenye kioo inafanya kazi bila kuongezewa kitu.

Ukishapakua, hakiki faili. Bando likikatika katikati, faili linaweza kuonekana zima huku limepungua, kisha usakinishaji unakwama katikati na lawama unamtupia muuzaji wa kishikwambi. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

`certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256`

Weka jina halisi la faili lako mahali pa `ubuntu.iso`. Linganisha herufi zinazotokea na zile za faili la SHA256SUMS kwenye ukurasa uleule uliopakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Kisha andika flashi kwa programu ya Rufus, ukichagua GPT na UEFI, au kwa programu ya balenaEtcher. Kunakili faili na kulibandika tu kwenye flashi hakufanyi flashi iwashe mashine.

Dukani, kabla ya kulipa

Surface Go ina tundu moja tu la Type-C, basi beba habu ndogo yenye matundu mawili au zaidi ya USB.

Kwanza ingia UEFI, yaani mipangilio ya bodi inayotangulia kuwaka kwa mfumo. Zima kifaa kabisa, shikilia kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza cha kuwashia, na usiachie cha sauti mpaka ukurasa ufunguke. Ikidaiwa nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie kifaa chake. Nywila ya UEFI haiondoki kwa kufuta diski, na mara nyingi ni alama kwamba kifaa kilikuwa cha kampuni. Ukiwa humo humo, nenda sehemu ya Security, kwenye Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowasha kifaa) chagua "Microsoft & 3rd party CA". Ikibaki "Microsoft only", flashi ya Ubuntu itakataliwa. Hakuna haja ya kuizima Secure Boot yote.

Angalia pia kama kikomo cha betri, "Battery Limit", kimewashwa. Vifaa vilivyokuwa vimesimikwa mapokezi au kaunta huwekewa kikomo hicho ili betri isivuke asilimia 50. Unaweza kuibadilisha betri nzima bure wakati dawa ni kuzima kitufe kimoja.

Sasa zima, chomeka flashi, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza cha kuwashia. Chagua "Try Ubuntu", ambayo haigusi diski. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`upower -d`

Tafuta `energy-full` na `energy-full-design`, yaani uwezo wa betri leo na uwezo wake ikiwa mpya. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Ikiwa asilimia 80 au zaidi, hiyo ni betri nzuri kwa mtumba. Ikiwa chini ya 60, omba bei ishuke sana au acha, kwa sababu kioo cha Surface Go kimegundishwa, na fundi akikifungua kubadilisha betri kinaweza kupasuka.

Kibodi ipime kwa subira. Andika `sudo dmesg -w`, kisha ichomoe na kuirudisha mara kumi. Kila ukiirudisha unapaswa kuona mistari mipya ikitokea mara moja. Ikiwa mistari inatokea yenyewe bila wewe kugusa kitu, pini za kuunganishia zina uchafu au zimechoka. Uchafu husafishwa kwa pamba iliyoloweshwa kidogo spiriti ya dawa, ikaachwa ikauke dakika kumi. Pini iliyozama haina dawa ya dukani. Mwisho, buruta dirisha kwa kidole kona hadi kona kutafuta sehemu za kioo zisizohisi mguso, na tazama kifaa kwa ubavu. Kioo kilichoinuka upande mmoja ni betri iliyovimba. Hicho usikinunue kwa bei yoyote.

Kabla ya kufuta Windows

Washa Windows na uiruhusu ifanye masasisho yake yote mpaka iseme hakuna zaidi. Humo ndimo hupitia masasisho ya programu ya ndani ya bodi, ambayo kwa Surface kwa kawaida hayaji kupitia Linux. Ukitaka njia ya kurudi nyuma, pakua faili la urejeshaji kutoka Microsoft ukitumia namba ya kifaa, na uliweke kwenye flashi ya pili.

Kuweka Windows na Linux pamoja kwenye 64 GB hatushauri. Zote mbili zitabanana, na sasisho la kwanza kubwa litakosa nafasi.

Kusakinisha

Betri iwe juu ya asilimia 50, chaji imechomekwa, kibodi imeunganishwa. Toa kadi ya microSD kabla ya kuanza, usije ukaifuta kwa kudhani ndiyo diski ya ndani. Mpangilio wa kibodi chagua English (US), saa za eneo Dar es Salaam. Unapofika kwenye kufuta diski, soma ukubwa ulioandikwa: yenye kati ya 58 na 64, au kati ya 119 na 128, ndiyo ya ndani, na inayolingana na flashi yako ndiyo flashi.

Hapo utaulizwa kama unataka diski isimbwe, yaani ifungwe isisomeke bila nywila, na hapa tafakari. Diski iliyosimbwa ina maana mwizi akikiiba stendi hasomi chochote. Lakini nywila ya kuifungua huulizwa mapema sana kifaa kinapowaka, kabla kibodi ya kwenye kioo haijaanza. Ubuntu ya kawaida haina kibodi ya kioo kwenye hatua hiyo. Kibodi ya Bluetooth nayo haisaidii, maana Bluetooth bado imelala. Inayofanya kazi ni ile ya pini, au ya USB ya waya kupitia habu.

Kama kifaa kinabeba taarifa za wagonjwa, mishahara au wateja, simba diski bila kujadili, na weka kibodi ndogo ya waya ofisini na nyingine nyumbani. Kama ni cha kusomea na kuandika notisi, na mara kwa mara kinatumika bila kibodi shambani au darasani, unaweza kuacha diski wazi, ukabaki na nywila ya kuingilia tu. Ila ujue kwamba nywila hiyo haimzuii mtu atakayewasha kifaa kwa flashi yake mwenyewe.

Chagua kuingia kwa nywila kila mara, siyo kuingia moja kwa moja.

Siku ya kwanza

Unganisha WiFi. Isipoonekana, chomeka simu kwa waya na uwashe ushirikishaji wa intaneti kwa USB. Linux huitambua simu bila kuomba kitu. Kabla ya kusasisha, ingia mipangilio ya WiFi, kwenye mtandao wa simu yako washa "Metered connection", kisha:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Bila hatua hizo mbili, bando la wiki linaweza kuisha mchana mmoja huku hujafungua hata ukurasa. Sasisho la kwanza linaweza kuvuka GB 1, kwa hiyo lifanye kwa bando la usiku au kwenye WiFi ya ofisi:

`sudo apt update && sudo apt upgrade`

Kisha washa ukuta wa moto (firewall), unaozuia miunganisho usiyoiomba kutoka mtandaoni:

`sudo ufw enable`

Umeme ukikatika na betri ikaisha katikati ya sasisho, usisakinishe upya. Chaji, washa, andika `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt -f install`. Mara nyingi mambo hutulia hapo. Na ikiwa betri ilikauka kabisa ukakuta tovuti zote zinakataliwa kwa madai kwamba vyeti vyake si halali, tazama saa kwanza. Saa iliyorudi nyuma miaka hutoa kosa hilo hilo, `timedatectl` itakuonyesha.

Sasa chomoa kibodi. Kwenye mipangilio fungua Accessibility, Typing, kisha washa "Screen Keyboard". Isipojitokeza ukigusa sehemu ya kuandikia, telezesha kidole kutoka ukingo wa chini kwenda juu. Kioo kisipojizungusha, andika `monitor-sensor` na ukigeuze kifaa. Mistari ikibadilika, kihisio kizima na tatizo ni kufuli la mzunguko kwenye menyu ya juu kulia. Isipobadilika, jaribu `sudo systemctl restart iio-sensor-proxy`.

Kamera za Surface Go usizitegemee. Kerneli (kiini cha mfumo) ya kawaida ya Ubuntu huzishindwa mara nyingi, na kwa mikutano ya video kamera ya USB ni suluhisho lisilo na maumivu.

Umeme, baridi na vumbi

Chaji ya Surface Go ni wati 24. Kupitia Type-C tumia chaji ya PD (Power Delivery) ya wati 30 au zaidi. Chaji ndogo ya simu itaonyesha alama ya kuchaji huku asilimia zikishuka ukiwa unafanya kazi.

Juni na Julai, Mbeya, Njombe na Makete watu hulala chini ya mablanketi mazito, na vifaa hulazwa humo humo vikichaji. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote yaliyomo hapa. Surface Go haina feni; joto lake hutoka kupitia mgongo. Chini ya blanketi joto halina pa kwenda, betri inachoka, inavimba, na ikifika mbali inaweza kuwaka moto. Chajia mezani, mahali pagumu, mbali na jiko la mkaa. Kioo kikianza kuinuka, zima, chomoa chaji, usikibonyeze kirudi, na kipeleke kwa fundi kikiwa kimezimwa.

Baridi ina hatari yake. Kule Kitulo na Makete sakitu huanguka, na betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujibandika kama tabaka la chuma ndani yake badala ya kuingia mahali pake. Uharibifu huo haurudi. Kifaa kilicholala kwenye gari usiku kisichajiwe wala kuwashwa papo hapo: kiache kwenye begi ndani ya nyumba saa moja au mbili, ili unyevu ubaki nje ya begi usiingie kwenye bodi.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi zikianza chomoa chaji ukutani, siyo kuzima swichi tu. Una betri, kazi itaendelea. Umeme ukikatika fanya vivyo hivyo na subiri dakika chache ukirudi, maana msukumo wa kwanza ndio unaoua chaji.

Kiangazi, vumbi linalobaki kati ya kibodi na kioo huchora mistari kila begi linapotikisika kwenye bodaboda. Futa kwa kitambaa laini kikavu kabla ya kufunga. Ukisafiri basi la usiku kwenda Dar, zima kabisa. Hali ya usingizi kwenye Linux hula betri, na kifaa kinaweza kuamka ndani ya begi na kupata moto.

Nakala

Weka nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje kwa programu ya Backups, angalau mara moja kwa wiki. Ukitaka kutumia microSD, ipime ingali mpya na tupu. Kadi bandia huandikwa 128 GB huku ndani ikiwa na 8, na zaidi ya hapo huyatupa mafaili bila kusema. Sakinisha kwa `sudo apt install f3`, kisha endesha `f3write` na `f3read` ukitaja folda ya kadi. Ripoti ikitaja data iliyopotea, rudisha kadi dukani siku hiyo hiyo.

Kabla ya kukitegemea kwa kazi, weka kibodi chumba kingine. Zima kishikwambi, kiwashe, ingia, unganisha WiFi, fungua waraka, andika sentensi moja, hifadhi, zima. Kama umesimba diski utakwama hatua ya pili. Leta kibodi ya waya na uendelee. Popote pengine utakapokwama, parekebishe leo, kibodi ikiwa bado iko chumba cha pili.